Mkono Uliokatazwa Kubeba

Waliponitoa titi la kulia kwa sababu ya saratani, walitoa pia tezi za kwapani. Kidonda kilipona vizuri, nikarudi kwangu mtaa wa mabanda wa Soweto West nikidhani yamekwisha. Miezi minane baadaye mkono wa kulia ukaanza kuvimba. Sista wa kliniki alisema maji ya mwili yamekosa njia ya kupita. Akanifundisha kuukanda polepole kuelekea shingoni, kisha kuufunga bandeji kuanzia vidoleni.

"Usibebe kizito," akaniambia. "Na usijikwaruze. Kidonda kidogo tu kitakuangusha."

Lakini nilikuwa na mjukuu. Binti yangu alifanya kazi za nyumbani kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, na kila asubuhi aliniachia mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Tulikuwa na raha zetu. Alipenda kuipigapiga ile bandeji kama ngoma, nami nilimwacha.

Siku moja mvua ilitukuta njiani. Matope yalifika vifundoni, mtoto akagoma kutembea, analia. Nilimbeba. Kwenye kichochoro ncha ya bati ikanichuna mkono uleule wa kulia. Nilijua nimekosea, lakini ningemwacha wapi?

Kesho yake mkono ulikuwa mwekundu, unachoma kama jiko, nami natetemeka kwa homa. Nililazwa siku tisa. Binti yangu alikuja akakaa kando ya kitanda bila kunitazama.

"Mathe, mtoto nimempeleka Kawangware, kwa mama ya baba yake."

"Mpaka nitoke?"

"Hapana. Utambeba tena, nakujua. Si wewe, ni huo mkono."

"Mkono ni wangu," nikasema. "Ni mimi."

Alilia. Sikuwa na nguvu ya kumnyamazisha.

Nimekuwa nikienda Kawangware kila Jumapili. Yule nyanya mwenzangu ni mtu mwema. Hunipikia chai, huniwekea mto wa kuegemeza mkono. Jumapili iliyopita mtoto alianguka mlangoni akapasuka mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilipiga magoti, nikamnyooshea mikono yote miwili. Akanipita mbio akilia, "Shosho, shosho," akajitupa kwa yule mwingine.

"Huyu pia ni shosho yako," mwenzangu akamwambia kwa upole, akimgeuza anione.

Mtoto akaficha uso. Nilisema kuna mtu ananingoja nyumbani, nikaaga. Hapakuwa na mtu.

Leo ni Jumapili tena, na sijaenda.