Tepe Mbili za Kajetani

Kajetani Komba ni praiveti mstaafu, ingawa Matogoro nzima humwita Koplo. Jeshi lina kumbukumbu nzuri kuliko majirani, au mbaya zaidi. Inategemea umemuuliza nani.

Tepe zake mbili zilipotelea kwenye kaburi la mtu mwingine. Sajini mstaafu Hironimus alifariki kwao Mpitimbi, kikosi kikapeleka askari wa heshima, Kajetani akiwamo, chini ya Luteni Derick, kijana wa Bukoba mwenye saa kubwa mkononi. Jeneza lilipofika, kaburi lilikuwa na mtu. Mzee Saimon, Mhehe, kwa hiyo mtani wa marehemu aliyekuwa Mngoni, alikuwa amejilaza humo chali.

"Mtafutieni Hironimus shimo lingine! Hili nimeliwahi."

Wafiwa wakacheka, wakaanza kutafuta jogoo wa kumtolea. Luteni hakucheka.

"Koplo, mtoe huyo mlevi."

"Afande, huyo ni mtani. Hatolewi kwa nguvu. Jogoo anakuja."

"Hiyo ni amri!"

"Naisikia, afande. Na jogoo naye namsikia."

Wiki ileile akasimamishwa mbele ya kamanda wa kikosi, Kanali Rupert, naye Mhehe, mtani wa Wangoni kama Kajetani. Kajetani akajua hapo kesi imekwisha. Ilikwisha kweli.

"Amri uliisikia?"

"Ndiyo, afande."

"Uliitii?"

"Hapana, afande."

Kanali akamvua tepe zote mbili. Kisha akavua kofia yake mwenyewe, akaiweka mezani.

"Sasa nauliza kama mtani. Jogoo alikuwa mnene?"

"Mnene, afande."

"Mwongo. Wangoni hamjui kufuga. Toka."

Mwaka jana Kanali, aliyestaafu na kujenga Matogoro hapahapa, akafariki. Gwaride la mazishi liliongozwa na Derick, sasa Meja, kitambi kipya, saa ileile. Jeneza likakaribia. Kaburini kulikuwa na mtu, amevaa suti ya kanisani, mikono kifuani.

"Sitoki mpaka mnirudishie tepe zangu!"

Mjane, Mama Aurelia, akaangua kicheko katikati ya kilio. Askari wakamtazama Meja. Meja akachungulia shimoni, akamtambua.

"Tepe siwezi, mzee wangu. Hizo ziko makao makuu."

"Basi jogoo wawili. Kila mmoja kwa tepe yake."

Meja akamnong'oneza koplo wake, naye akaparamia bodaboda kuelekea sokoni. Hakuna aliyeuliza kama amri hiyo ilikuwa halali.

Nyumbani, Kajetani alitangaza kwamba jogoo hao hawachinjwi. Pasaka iliyopita mkewe, Imaculata, akamchinja mmoja, kwa hiyo kwa sasa Kajetani ni koplo wa tepe moja. Mashtaka hakufungua. Mchuzi alikula.