Dawa Iliyompenda Mdogo Wake

Mshona mapazia alimwonea mdogo wake wivu tangu utotoni, wala hakuwahi kumwambia mtu. Nyumbani yule mdogo aliitwa Kipenzi, na jina hilo peke yake lilitosha kumkaa rohoni. Kipenzi alijaliwa sauti nzuri, mume mcheshi, na nywele zisizosumbua kichana. Mwaka ule hata ugonjwa ukamhurumia.

Wa kwanza kushikwa na U.T.I. alikuwa Kipenzi. Akapimwa mkojo, akaandikiwa vidonge, akavimaliza vyote. Si muda akawa anacheka kama kawaida. Dada mtu alipoanza naye kuchomwa na mkojo, hakuona haja ya kupima. Alimuuliza Kipenzi jina la dawa, akainunua, akaimeza huku anashona. Moto haukupungua. Homa ikapanda, mgongo ukambana, hata kukaa kwenye cherehani kukawa shughuli.

"Kumbe na dawa zinachagua watu," alijisemea. Ndipo wazo baya likamwingia. Kipenzi alipokuja kumjulia hali, hakumpa hata kiti.

"Uliniambia jina la uongo, siyo?"

Kipenzi alimkodolea macho. "Dada! Nikufanyie hivyo kwa lipi?"

"Vizuri vyote vyako unavificha."

Kipenzi alilia, kisha akakasirika, kisha akaita teksi. "Simama. Utanitukana vizuri tukifika hospitali."

Huko mkojo wake ulipelekwa maabara, vijidudu vikaoteshwa na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Majibu yalipotoka, daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza kama vidonge vile alishawahi kuvitumia.

"Mara nyingi tu. Nikichomwa nameza viwili vitatu, nikipata nafuu naacha."

"Ndiyo hapo. Ukiacha njiani, vinakufa vijidudu dhaifu, vinabaki vile sugu, navyo vinazaana. Dawa ni ile ile ya mdogo wako, ila vijidudu vyako haviiogopi tena. Tutakuchoma sindano za dawa nyingine, ambayo maabara imeona inaviua."

Dada alimtazama Kipenzi kwa pembe ya jicho. Alitaka kuomba radhi.

"Umekula?" ndilo lililotoka.

"Bado," Kipenzi akasema, akamsogezea mto mgongoni.

Siku zote za sindano, Kipenzi ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha dada yake cha kushonea kupokea wateja. Dada aliporudi, mzima kabisa, mama mmoja aliingia na kitambaa chake, akachungulia huku na huku.

"Yule mdogo wako mchangamfu yuko wapi leo?"

Wivu ukampanda kama zamani. Alipima kitambaa, akakikata kwa mkasi kana kwamba kimemkosea. Mteja alipotoka, alichukua simu.

"Kipenzi, wateja wanakuulizia. Njoo kesho tushone wote," akasema. "Lakini usinidekezee watu!"