Wamboi wa Kiuu Alikuwa Wangapi?

Mwanamke niliyemwandikia "nakupenda" kwa miezi miwili alinifungulia mlango pale Kiuu, Jumamosi saa tisa mchana.

Alikuwa na miaka sabini na nne.

"Wewe ndio Njau?" akaniuliza. "Ingia, ingia. Picha inadanganya, wewe ni mwembamba."

Nilikuwa nimebeba mkate, sukari na perfume. Perfume nikaificha nyuma ya mkate.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua mshaanza kunicheka.

Mimi napanga biskuti katika kiwanda kimoja Eneo la Viwanda, Thika, na ninaishi Kiganjo. Sinywi, sichezi kamari. Ugonjwa wangu ni gemu moja ya simu inayoitwa Ukungu: majoka, mapanga, falme zilizoanguka, mambo kama hayo.

Ndani ya Ukungu kuna Malkia Orena, aliyekufa vitani miaka mia tatu iliyopita. Halafu kuna msichana anayeuza mishale darajani. Yeye pia anaitwa Orena. Uso ule ule, sauti ile ile. Ukimwonyesha taji la malkia anakuangalia tu, anakwambia: "Nimeitika jina lake tangu nizaliwe. Wewe unamtaka nani?"

Basi. Waliotengeneza gemu wakiulizwa wanakaa kimya.

Sisi wachezaji wa Thika na Ruiru tuko na grupu ya Facebook, watu mia mbili, na tumetukanana juu ya huyo msichana kuliko juu ya siasa. Wengine wanasema ni mtu mmoja, malkia hakufa. Wengine tunasema ni wawili. Mimi ni wa wawili, na nina kichwa kigumu.

Adui yangu mkubwa alikuwa akaunti moja, "Wamboi wa Kiuu", yenye picha ya Orena. "Ni mmoja!" aliandika kila siku. "Ni mmoja, nyinyi watoto hamjui kitu!"

Ubishi ukahamia inbox. Inbox ikaleta "umeamkaje". Mnajua vile huwa.

Huyo Wamboi alikuwa na siku zake. Leo anaandika Sheng safi na vicheko. Kesho: "Njau, umekura?" "Njau, rara mapema." Nikadhani anatania vile sisi Wakikuyu huchekwa tukiongea, L ikigeuka R. Nikaona utamu mtupu. Nikawa namjibu, "Nimekura, raazizi."

Sasa niko kwenye kochi Kiuu, huyu cucu, yaani nyanya, ananimiminia chai.

"Cucu," nikasema polepole, "ile akaunti ni yako?"

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka na sauti ya mwanamume ikaita, "Maitu!"

Maitu ni mama kwa Kikuyu.

"Ĩĩ?" akaitika cucu.

"Ĩĩ?" akaitika mwingine jikoni, na akatokea msichana wa rika langu, taulo begani.

Aliyeita alikuwa Mzee Kinuthia, baba wa msichana. Alinisalimia, akachukua funguo kutoka kwa bintiye, akaenda zake. Mimi nilibaki na kikombe hewani.

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Na baba akishampa hilo jina, humwita mama. Kinuthia ana mama wawili nyumba moja: Wamboi wa miaka sabini na nne na Wamboi wa ishirini na tano.

Yaani grupu nzima, karibu wote Wakikuyu, kila mtu amebeba jina la guka, babu yake, au la cucu yake, na hatukuwahi kumwelewa Orena aliyerithi jina la malkia!

"Akaunti moja, simu mbili," akasema Wamboi mdogo akiketi. Hakuwa anatabasamu. "Mimi nafundisha nursery. Nikiwa class, cucu anacheza. Nilimwambia asikujibu, akakataa."

"Urikuwa unacherewa," akasema cucu. "Mtoto wa watu atangoja mpaka rini?"

"Nilimtuma akufungulie makusudi, Njau. Nilitaka kuona uso wako."

"Na umeuonaje?"

"Umeshtuka vizuri." Akacheka kidogo. "Sasa sikiza. Tangu nizaliwe baba ananiita mama. Nikikataa kitu, ni vile cucu alikataa. Nikipenda kitu, ni cucu. Nataka mtu mmoja tu anijue mimi. So niambie, ni message gani ilifanya unipende? Moja. Na usijaribu kunibeba ufala, najua nani aliandika gani."

Nilimpenda huyu msichana kabla ya kumwona, na kumwona kulikuwa kumeharibu mambo zaidi. Nikikosea hapa, nimempoteza.

Nikatoa simu. Nikajiambia, Njau, tumia akili. Tafuta herufi L. Cucu hana L.

Nikaipata. Ilikuwa ya ile siku supervisor alinitukana mbele ya watu nikataka kuacha kazi.

"Ni hii," nikasoma kwa ujasiri. "'Kula kwanza, lala, halafu kesho urudi kazini ukiwa umenawa uso.'"

L nne, zote safi.

Cucu akapiga makofi. "Haiya! Hiyo ni yangu! Simu ndio irirekebisha yenyewe!"

Wamboi akaanza kukusanya vikombe. Changu kilikuwa bado kimejaa.

"Ngoja," nikasema. "Nimekudanganya. Nilikuwa natafuta L."

Akasimama hapo hapo, kikombe mkononi.

"Hiyo message ilinisaidia, sikatai. Lakini kupenda hakukuanzia hapo. Unakumbuka nikisema malkia alikuwa na kovu shingoni na muuza mishale hana? Ulienda ukaangalia. Halafu ukaandika mbele ya watu mia mbili: 'Njau yuko sawa, mimi nimekosea.' Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo Facebook. Niliisoma nikiwa kwa kinyozi, nikairudia mpaka nikapitwa na zamu yangu. Kesho yake ukarudi kusema ni mmoja, nikachanganyikiwa, lakini nilikuwa nishaanguka."

Wamboi akaweka kikombe mezani.

"Huyo alikuwa mimi," akasema.

"Una uhakika?"

"Njau, cucu hajawahi kukubali amekosea tangu tupate uhuru."

"Sijawahi," akasema cucu, "kwa sababu sijawahi kukosea. Na huyo ni mtu mmoja."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Nikaandika mambo ya majina kwenye grupu. Firdaus, admin wetu, akajibu: "Wakikuyu wote hawa mmeshindwa na mambo ya kwenu nyumbani?"

Mwezi uliopita tulifanya ruracio, sherehe ya kupeleka mahari. Kwetu siku hiyo wasichana hufunikwa leso kichwa mpaka miguu, bwana harusi amtafute wake. Walikuwa watano. Nilitembea kwa maringo, maana urefu wa Wamboi naujua, na hata vile husimama akitupa uzito mguu mmoja. Nikaenda moja kwa moja kwa wa tatu, nikafunua.

"Nimekubari," akasema cucu.

Wazee walicheka hadi kofia zikaanguka. Nikapigwa faini ya mbuzi. Nikageukia umati, uso ukiniwaka, nikasema kwa sauti, "Jamani, nimekosea." Leso ya tano ikajifunua yenyewe. Wamboi alikuwa akilia kwa kicheko, na akaja kunishika mkono bila kungoja aitwe.

Kwa hivyo nyinyi mnaotafutana mtandaoni, mtu haji peke yake, anakuja na wale aliopewa majina yao. Mpende mmoja, waheshimu wote. Na ukikosea sema mapema, maana bei ya mbuzi haishuki.