Sala ya Penina kwenye Jengo la Msalato

Zamani huku Ugogoni, Dodoma, hakuna aliyetia mkono kwenye ugali kabla mama aliyepika hajauombea. Siku hizi watu wanakula wamesimama, simu mkononi, na anayefumba macho mbele ya sahani anaonekana mshamba. Penina hakuyajali hayo. Aliwapikia ugali wa uwele na mboga ya mlenda mafundi waliokuwa wakijenga ghorofa Msalato, na kila mchana, kabla ya kupakua, alisimama na mwiko mkononi akamshukuru Mungu kwa Kigogo. Mafundi wengi walikuwa Waislamu wa Kondoa. Walinyamaza mpaka amalize, kisha kila mmoja akapiga bismillahi yake wakala.

Ndipo akaja msimamizi mpya, Gerson, kijana msomi aliyeona dini ni mambo ya kuchelewesha kazi.

"Bi mkubwa, hapa ni kazini, si kanisani. Huyo Mungu wako ndiye anayekununulia kuni?"

"Ndiye anayenipa nguvu ya kuzibeba, baba."

"Basi akubebee na masufuria. Nikikusikia tena naleta mpishi mwingine."

Penina ni mjane, na jiko lile ndilo lililowalisha wajukuu wake. Aliitikia tu, "Sawa, baba." Kesho yake aliomba nyumbani kwake Miyuji, akaja akapakua kimya.

Hakuna aliyegusa sahani.

"Mbona hamli?" Gerson akauliza.

"Chakula hakijaombewa," alisema Shaaban, mwashi wa siku nyingi. "Tule tu kama kuku?"

Wenzake wakacheka, na Gerson akakunja uso. Mwingine angekaa pembeni afurahie kumwona kijana akiaibishwa; wa siku hizi angerekodi kabisa. Penina alijaza sahani, akaongeza mlenda, akampelekea Gerson kwa mikono miwili, akipiga goti, kama mama yake alivyomfundisha kumkaribisha mgeni.

"Usiwakasirikie, baba. Nimeshaomba nyumbani. Wewe ndiye mgeni wetu, ukianza nao watakula." Akawageukia mafundi. "Shaaban, mwanangu, msimgomee mtoto wa watu kwa ajili yangu. Nikiondolewa hapa, nitapika kwingine."

Shaaban akainamisha kichwa. Gerson alibaki ameishika ile sahani, watu wote wakimtazama yeye, na mama mwenye umri wa kumzaa bado yuko chini mbele yake.

"Inuka, mama," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Omba basi. Ugali unapoa."

"Nisije nikakuharibia kazi."

"Huharibu kitu. Omba."

Penina akainuka, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa uwele ulioota mwaka ambao mvua ilikuwa ya kubahatisha, kwa watoto wa Kondoa wanaomsubiri mwanamke asiye wa dini yao, na kwa mgeni aliyetumwa kuwasimamia. Akalitaja jina la Gerson. Kijana hakufumba macho, alitazama saruji. Lakini hakula mpaka aliposikia amina.

Jiko la Penina liko palepale mpaka leo.