Kumcheza Fisi Vibaya

Katika darasa langu la pili, shule ya kijiji karibu na Runzewe, Kiswahili kilikuwa lugha ya mwalimu tu. Nikiwauliza swali, watoto wananitazama kama ng'ombe wanaosubiri josho. Nikachoka kuuliza. Nikaleta kitabu cha picha za wanyama, nikawaacha waangalie kimya, kisha tukasogeza madawati: haya, chezeni mlichokiona. Twiga wakanyoosha shingo, tembo wakatikisa mabega, na maneno yakafuata, anainama, anazunguka, bila fimbo.

Tulipofika kwa fisi wote walikaa chini, isipokuwa msichana mmoja aliyelelewa na bibi yake, mama yake akiwa Geita anatafuta maisha machimboni. Alishusha kiuno, akavuta miguu ya nyuma, akageuza kichwa taratibu kututazama. Sijawahi kuona mtoto akicheza vile. Nilipiga makofi peke yangu.

Usukumani wanasema wachawi humfuga fisi, mbiti kwa Kisukuma, na kumpanda usiku. Na bibi wa mtoto huyo alikuwa na macho mekundu, kwa kuwa kuni hana na anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Macho mekundu, na mjukuu anayemjua fisi mpaka mwendo: kijiji kikajumlisha. Wasiosoma sikuwalaumu sana. Nilimchukia mwalimu mwenzangu wa hesabu, ambaye naye aliacha kununua karanga za yule bibi.

Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama, kwa adabu zote.

"Mwalimu, hatumsingizii mtu. Siku ya kufunga shule mtoto acheze mbele yetu. Kama ni fisi wa kitabuni, tutajua. Kama ni mbiti wa nyumbani, tutajua pia."

Mwalimu mkuu akasema ni wazo zuri. Kijiji cha jirani bibi mwingine alikuwa amekatwa mapanga mlangoni kwake kwa macho kama hayo, kwa hiyo sote tulijua kinachozungumzwa.

Nikawa nabaki na mtoto baada ya vipindi, namfundisha kukosea. Inua kiuno. Jikwae hapo.

"Lakini mwalimu, fisi hafanyi hivyo."

"Najua. Fanya."

Kila alipojisahau na fisi akamrudia mwilini, nilimchapa miguuni, mimi niliyejisifu kufundisha bila fimbo. Alilia, akajifunza.

Siku yenyewe bibi alikalishwa mbele kabisa, ili aonekane vizuri. Mtoto akajikwaa, akaanguka kwa matako, akalia kama mbuzi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi alicheka kwa sauti kuwashinda wote. Yule baba akaja kunipa mkono.

"Kweli, ni kitabu tu. Huyu mtoto hajui kitu."

Bibi yuko hai, anauza karanga zake, na mwalimu wa hesabu ananunua tena. Nashukuru, na bado nawachukia wote waliocheka.

Mjukuu sasa yuko darasa la tatu. Juzi nilifungua kitabu kingine, picha ya korongo, ndege asiye na ubaya na mtu. Watoto wakainuka wakatandaza mikono. Yeye alibaki kwenye dawati, akanyoosha kidole, akauliza kwa Kiswahili safi kabisa:

"Mwalimu, kwa huyu nikosee wapi?"