Wakwe Sita wa Mzee Asajile

Mzee Asajile wa Lufingo ana mabinti watatu na hana mtoto wa kiume hata mmoja. Hata hivyo ana wakwe sita, wake za wana wasiokuwepo, na heshima anayowapa imemchosha kila mtu nyumbani kwake.

Aliwapata Kongo. Baada ya kustaafu uuguzi serikalini, alikwenda kufanya kazi katika zahanati ya kanisa kwenye mji mdogo wa mashariki mwa nchi hiyo. Waasi walipouteka mji, wageni wenzake waliondoka kwa gari la mwisho. Yeye alibaki, kwa sababu, anasema, hakuna aliyeweza kumwonyesha nani angebadilisha dripu za wagonjwa.

Waasi walianza kuua watu nyumba kwa nyumba. Wanawake sita wa mtaa wa jirani wakakimbilia stoo ya dawa. Kamanda alipofika alisema amri yake ni kutomgusa mgeni wala familia ya mgeni. Asajile akajibu kwamba hao sita ni familia yake, wake za wanawe. Kamanda akamwamuru awatazame mmoja mmoja na kuwataja majina.

Hakuyajua. Akageukia ukuta, akaeleza kwamba kwao Rungwe, kwa mila ya Kinyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawatajani majina. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Kamanda alicheka, akasema Watanzania wana matatizo, akaondoka. Jioni ile mtaa wa jirani haukuwa na mtu aliye hai. Askari waliwekwa uani, kwa hiyo kwa siku tano Asajile aliwapitishia wanawake wale chakula akiwa amewapa mgongo, mpaka likapatikana lori la kuwavusha mpaka.

Mwaka huu mmoja wao, Neema, aliomba hifadhi ya ukimbizi bila karatasi yoyote mkononi. Wakili wake, Samira, alieleza kwamba shahidi, yaani Asajile, lazima amtambue kwa sura, kwa simu ya video, Alhamisi saa nne asubuhi. La sivyo faili lingefungwa na Neema angerudishwa kulekule.

Alhamisi mvua ilinyesha, na mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Anneth, mke wa Asajile, aliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mzee akaketi akiipa simu mgongo, akatoa ushahidi wake wote kwa kabati la vyombo. Samira alimwomba mara tatu ageuke. Alikataa mara tatu, kwa adabu inayoudhi.

“Baba Tulinagwe,” Anneth alisema, akimwita kwa jina la binti yao, “mimi nimekuzalia wasichana watupu. Huyo mkwe kaolewa na nani?”

“Nilisema mbele ya bunduki kwamba ni mkwe wangu. Neno hilo ndilo lililowaacha hai. Silifuti leo kwa sababu tu kuna mtandao.”

Samira, kwa sauti ya mtu aliyechoka, alisema zimebaki dakika kumi. Ndipo Neema, aliyekuwa kwenye simu hiyohiyo, akazungumza.

“Baba, mwanao simtaki tena. Namwacha.”

Asajile alifikiri. “Amekukosea nini?”

“Tangu anioe hajarudi nyumbani hata siku moja.”

Anneth alilazimika kwenda kucheka jikoni. Mzee alikiri kwamba hilo ni kosa kubwa kwa mume yeyote. Akamwachilia rasmi, kwa maneno marefu kuliko yaliyohitajika, kisha akageuka. Alikitazama kioo cha simu kwa muda, akavaa miwani, akatazama tena.

“Huo mshono juu ya jicho ni wangu,” alisema. “Nyuzi nne. Uzi mnene, maana mwembamba ulikuwa umekwisha. Ulikuja asubuhi ileile walipoingia mjini, kabla hujawa mkwe.”

Samira alimwomba Neema asogee karibu na kamera. Akahesabu alama za nyuzi, akaandika, akasema inatosha.

Neema alianza kushukuru, lakini Asajile alikuwa amekunja uso.

“Nilikuambia zitolewe siku ya saba. Nani alizitoa?”

Alizitoa mwenyewe, Neema alikiri, ndani ya lori, kwa wembe, siku mbili kabla ya wakati. Mzee akaanza kumsema kuhusu wembe, vumbi la barabarani na pepopunda, na bado alikuwa anamsema mtandao ulipokatika.