Neno la Kumi

Amoit, muuza unga wa muhogo wa Mukuju, hakuzaliwa mwoga. Babu yake alifukia vitabu vya sala chini ya ghala la mtama enzi dini ya Kiyahudi ilipopigwa marufuku Uganda, na kisa hicho Amoit alikisimulia akicheka. Jumamosi ile hakucheka.

Juma lile mtoto alipotea Merikit, na mtu fulani, ulimi wake ukauke, akasema sokoni kwamba Wayahudi wamemchukua kwa ajili ya damu. Mtoto alipatikana kwa shangazi yake, kashiba viazi. Uvumi wenyewe haukurudi nyumbani. Alhamisi mawe yakaangukia bati la Amoit.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwombea marehemu mumewe, Elungat, aliyetimiza mwaka kaburini. Sala hiyo haisomwi bila watu kumi. Zamani wangejaa. Lakini kundi liligawanyika pale wanawake walipoanza kuhesabiwa miongoni mwa hao kumi. Okware, ndugu wa Elungat, aliondoka na watu wake, akiapa hatasimama kwenye hesabu yenye sketi.

Wayahudi hawahesabu watu kwa namba. Ndani ya sinagogi, mzee Ikwap, msomaji wao, alimpa kila mmoja neno moja la sala ya maneno kumi, naye Amoit akiwamo: "Ee Mungu, tulinde, watu wako, watoto wako, leo hata..." Akaishiwa watu. Neno moja lilibaki.

"Mama, twende nyumbani," mwanawe Tom akanong'ona. "Watu ya senta, pale madukani, wanasimama tu, wanatuangalia."

"Ngoja kidogo," Amoit alisema, ingawa mwenyewe alitamani kukimbia. Lakini akiondoka, Elungat angekosa sala yake.

Nyayo nzito zikasikika nje. Ikwap akashika komeo. Amoit akafumba macho. Aliogopa kufa, na aliona haya kuogopa.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Okware, peke yake, jasho likimtiririka. Shali ya sala ilikuwa mabegani. Alikuwa amepita nayo katikati ya soko, mbele ya macho yote yale.

"Shemeji," Amoit akasema, "mimi pia nimehesabiwa."

Okware akaiweka sawa shali yake. Nje mtu akapiga mluzi.

"Najua. Mumefika neno gani?"

"Hata," Ikwap akajibu.

Okware akasogea, akasimama kando ya Amoit. "Milele," akasema, na sauti yake ilitetemeka kama zao.